Mtoto akianza kuyumba shuleni: mzazi, mwalimu na ofisi ya kijiji waanzie wapi

Kila shule zinapofunguliwa, maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri za Iringa, Njombe na Mbeya hupokea malalamiko yaleyale. Mzazi kadaiwa mahindi wakati ameambiwa elimu haina malipo. Mtoto karudishwa kwa sababu ya sweta. Mwalimu kachapa kupita kiasi. Binti wa darasa la sita hajaonekana tangu likizo. Tunaamini wazazi na walimu wengi wana nia njema, ila wanachelewa, na wakati mwingine wanaanzia mlango usiohusika.

Dalili ya kwanza ya mtoto mwenye shida karibu kila mara iko kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa asiishie kuhesabu siku alizokosa, aangalie ni siku zipi. Anayekosa kila siku ya gulio huenda anauza au anabeba mizigo. Anayefika saa nne kila siku, muulize nani anawaandaa wadogo zake asubuhi. Anayesinzia au kununa Jumatatu, hasa msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi), ulizia kilichonywewa nyumbani Jumapili. Mtogwa, yaani ulanzi mbichi, wa asubuhi jioni tayari ni pombe, na mtoto hapaswi kupewa kwa kisingizio kwamba bado ni mtamu. Akikosa siku tatu bila taarifa, mwalimu ampigie mzazi. Asipopatikana, jina lipelekwe kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, naye awasiliane na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Kusubiri mwisho wa mwezi ili kujaza taarifa ni kumwacha mtoto.

Wapo wanaokosa siku moja kila baada ya muda fulani kwa ajili ya kliniki. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, viwango vya juu kuliko mikoa mingine yote nchini. Kwa hiyo mwalimu wa ukanda huu achukulie kwamba darasani kwake anaweza kuwamo mtoto anayetumia dawa, au anayelelewa na bibi kwa sababu wazazi walifariki. Ruhusa ya kliniki iombwe na itolewe faraghani. Kuuliza mbele ya darasa "unaumwa nini kila mara?" ni kosa la kimaadili, na kutoa siri ya afya ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008. Hata mwalimu aliyeaminiwa na mzazi hana ruhusa ya kumnong'oneza mwenzake.

Sasa chakula, maana hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukaeleza utekelezaji wake. Hakuna uliofuta wajibu wa mzazi kumlisha mtoto wake, kumnunulia sare na madaftari na kumtibu. Hili limeelezwa katika mikutano mingi ya vijiji na bado linaulizwa kana kwamba ni jipya. Upande wa pili nao uelewe: mchango wa chakula hupitishwa na kikao cha wazazi chenye muhtasari uliosainiwa, na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia hazuiwi darasani wala harudishwi nyumbani. Anayedaiwa ni mzazi, na anayemfuata mzazi ni kamati ya shule na serikali ya kijiji, kamwe si mwalimu wa zamu mlangoni.

Hesabu yenyewe haitishi. Gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, kwa siku 194 za masomo, ni takriban kilo 23 za mahindi na kilo 6 za maharage kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Kamati ipokee kwa mizani, iandike jina na uzito, na itoe stakabadhi. Mahindi ya nyanda zetu mara nyingi huja na unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na konzi chache za mahindi, tikisa kama dakika kumi, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe kuanikwa juu ya turubai. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mahindi yenye ukungu yasichanganywe na mazuri wala yasisagwe "ili yasipotee", kwa sababu sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Na makande matupu mwaka mzima hayatoshi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, mkoa unaolima karibu kila kitu. Parachichi, mboga za majani na dagaa viingizwe kwenye ratiba hata mara mbili kwa wiki.

Kuhusu sweta: mwezi Juni na Julai, Makete au Mufindi, sweta ya rangi tofauti ni bora kuliko mtoto kutetemeka.

Kuhusu viboko, Kanuni za 2002 ziko wazi na hazihitaji tafsiri ya kila shule. Adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, haizidi viboko vinne, na hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike kabisa. Kila tukio liandikwe kwenye kitabu: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Kukosa hesabu au kutolipa mchango si kosa kubwa la nidhamu. Mzazi anayelalamika aombe kuona kitabu hicho kwanza. Asiporidhika, aende kwa ofisa elimu kata.

Mtoto "aliyekwenda kukaa na shangazi" mjini ahesabiwe kuwa hajulikani alipo mpaka shule ya huko ithibitishe kumpokea. Barua ya mzazi peke yake haitoshi, lazima uhamisho ufanyike kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyomzuia kusoma. Binti wa miaka 12 anayelea mtoto wa mwingine Dar es Salaam haingii humo.

Ukatili wa kingono una utaratibu wake, na kuuchezea kunaharibu kesi. Mtu mmoja anayeaminiwa na mtoto amsikilize mara moja, aandike maneno ya mtoto kama yalivyo, asimhoji kwa zamu mbele ya walimu watano. Mtoto asiogeshwe. Nguo zake ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki unyevu huozesha ushahidi. Afikishwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, kisha hospitali. Kama anavuja damu au ana hali mbaya, aanzie hospitali na fomu ifuate. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, haitozi chochote.

Kumalizana nyumbani kwa ng'ombe au fedha hakufuti shauri, kwa kuwa mlalamikaji ni Jamhuri. Kumbaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kama hajafikisha miaka 10 ni kifungo cha maisha. Tunaendelea kusikia kwamba "ushahidi wa mtoto peke yake hausimami". Si kweli. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya mtoto aliyefanyiwa, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Anaporudi darasani, mwalimu mkuu na mwalimu wa unasihi wanatosha kujua kilichotokea. Apangiwe mazungumzo ya unasihi kwa siku na saa inayojulikana, na siku za mahakamani apewe ruhusa ya maandishi ili zisihesabiwe utoro.