Kufungana kwa foo-wili: gari la AWD linapokataa kukata kona

Unatoa Subaru Forester yako kwenye maegesho ya Nakasero, katikati ya Kampala, usukani umekatwa hadi mwisho, na gari linasita kama kuna mtu kakanyaga breki. Ukiachia mafuta linasimama lenyewe. Ukiongeza kidogo linaruka-ruka, tairi zinalia kwenye lami, na chini ya sakafu panagonga. Ukinyoosha usukani, linatulia na kwenda kama kawaida.

Hali hiyo ndiyo kufungana kwa foo-wili, na huyapata magari ya AWD, yaani yanayopeleka nguvu ya injini kwa magurudumu yote manne. Ekseli ya mbele na ya nyuma zimeshikana kiasi kwamba haziwezi tena kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukilifikisha gari gereji, mara nyingi utajibiwa papo hapo, "Bosi, giaboksi imekufa," na utaelekezwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta nyingine iliyotumika. Pengine kweli imekufa. Lakini kufungana ni dalili yenye vyanzo vingi, na baadhi yake humalizwa na seti ya tairi au lita moja ya oili. Giaboksi iwe ya mwisho kushukiwa, kwa sababu ndiyo ghali kuliko vyote.

Kwanza tuone kwa nini ekseli zinahitaji kutofautiana. Watu wawili wakibeba kitanda kwenye kona ya korido, wa mbele hupita njia ndefu na wa nyuma hukata njia ya mkato. Gari hufanya vivyo hivyo. Forester ya zamani ikizunguka duara moja kamili huku usukani umekatwa hadi mwisho, ekseli ya mbele hutembea zaidi ya mita 4 kuliko ya nyuma. Maana yake tairi za mbele zinaongeza mizunguko miwili na kidogo juu ya ile ya tairi za nyuma, ndani ya duara moja tu. Tofauti hiyo lazima imezwe na kitu fulani katikati ya gari. Kikishindwa, inamezwa na tairi zinazoburutwa juu ya lami, na kabla hazijaburutwa, shafti na gia zote zinajikaza. Kule kuruka-ruka ndiko kuachia kwa mkazo huo.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Tafuta uwanja mtupu wenye lami au zege, washa gari hadi lipate joto, kata usukani hadi mwisho, weka gia na uachie breki bila kukanyaga mafuta. Gari zima litajizungusha lenyewe taratibu. Lililofungana litasita au kusimama. Halafu rudia jambo lile lile kwenye changarawe au barabara ya vumbi. Kama kusita kunapungua sana au kunatoweka, umepata jibu: changarawe imeruhusu tairi kuteleza, mkazo ukatoka. Hapa ndipo ugonjwa huu unapojificha kwetu. Gari linaloshinda kwenye barabara za udongo huko Kisoro au Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, linaweza kukaa limefungana muda mrefu bila mwenyewe kujua, hadi siku atakapoegesha Kampala.

Usiuchanganye na magonjwa mengine ya kona. Sivii joint (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) iliyokwisha hugonga tik-tik-tik kwa mpangilio wa mzunguko wa tairi, na itagonga kwenye lami na kwenye vumbi vilevile. Beringi ya gurudumu huunguruma hata ukienda moja kwa moja, na sauti hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Breki iliyoganda utaijua kwa mkono: baada ya safari fupi, rimu moja ina moto kuliko nyingine tatu. Usukani mzito hata gari likiwa limesimama ni habari ya pampu ya usukani au mkanda wake.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea. AWD ya kudumu inadhani tairi zote nne ni sawa. Subaru wenyewe wanataka mizingo ya tairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Inaonekana ni kitu kidogo, mpaka upige hesabu. Kashata ya tairi, yaani yale meno yanayokanyaga barabara, ikilika milimita 1, mzingo unapungua milimita 6 na kidogo. Sasa chukua gari lenye tairi mpya mbele, kashata milimita 8, na nyuma zimebaki milimita 3. Tofauti ya mzingo ni kama milimita 31. Tairi ya saizi ya kawaida ya Forester huzunguka mara 480 hivi kwa kilomita, kwa hiyo kila kilomita ekseli moja inaidai nyingine mita 15. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, na deni linafika karibu kilomita 2. Lote linamezwa na kile kitu cha katikati ya gari, yaani kaplingi au pleti za klachi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kona za hapa na pale, huku gari likienda moja kwa moja. Zinapata joto, oili inaungua, na siku moja zinashika moja kwa moja.

Kupima ni rahisi. Sawazisha upepo kwenye tairi zote. Inua gurudumu moja baada ya jingine kwa jeki na ulizungushie futi ya fundi cherehani katikati ya kashata, kisha uandike namba. Futi ya chuma ya seremala haifai, inajikunja vibaya. Soma pia saizi ubavuni mwa kila tairi. Magari yetu mengi yamepita mikono mingi. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo Legacy au Impreza ya miaka ya tisini unayoiona leo iko hapa siku nyingi na imeshavishwa tairi na kila mtu. Si ajabu kukuta saizi tatu kwenye gari moja.

Kama namba zinapishana, hamisha tairi ili kubwa zisiwe zote kwenye ekseli moja na ndogo zote kwenye nyingine, au azima seti inayolingana kwa mwenzako, halafu rudia duara. Gari likiwa jepesi, acha kila kitu kingine ukanunue tairi nne. Ukinunua zilizotumika, zitoke gari moja.

Tairi zikiwa sawa na gari bado linasita, angalia aina ya mfumo ulio nao, kwa maana vipimo vinatofautiana.

Hilux, Land Cruiser za 70 nyingi na Suzuki Jimny hazina kabisa difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kutofautiana kasi. Ukiweka 4H (magurudumu manne) kwenye lami zitafungana, na hilo si ugonjwa, ndivyo zilivyo. Rudisha 2H (magurudumu mawili). Ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, mkazo utaachia.

Subaru ya otomatiki ya zamani yenye gia nne ndiyo inayolaumiwa zaidi, na ndiyo yenye kipimo kizuri zaidi. Nyuma ya giaboksi kuna fungu la pleti za klachi zinazopeleka nguvu kwa propela, ile shafti ndefu ya kwenda ekseli ya nyuma. Solenoidi moja, yaani vali ya umeme, inapunguza au kuongeza mgandamizo wa oili juu ya pleti hizo. Imepangwa kwamba umeme ukikatika, mgandamizo unabaki juu kabisa na foo-wili inafunga. Kwa hiyo solenoidi ikifa, au waya wake ukikatwa na panya, gari linafungana muda wote. Fungua boneti, tafuta kando ya ukuta wa injini kijisanduku kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, yaani magurudumu ya mbele tu. Kwa kawaida kiko kitupu. Chomeka fyuzi, washa gari, na taa ya FWD iwake kwenye dashibodi. Sasa gari limeambiwa liachie ekseli ya nyuma. Zungusha duara. Likiwa jepesi, solenoidi na pleti zinatii, na tatizo liko kwenye amri zinazotumwa au bado kwenye tairi. Likibaki zito, ama solenoidi imekufa ama pleti zimechimba mifereji kwenye ngoma yake na zinanasa humo. Pima solenoidi kwa multimita kabla ya kufungua chochote, na uangalie kama taa ya joto la oili ya giaboksi inamweka ukiwasha gari, maana hiyo ni kompyuta ya giaboksi ikilalamika.

Katikati ya vipimo hivyo badilisha ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ila tahadhari. Subaru hizi zina vijiti viwili vya kupimia oili chini kule: kimoja cha ATF, kingine cha difu ya mbele, ambayo ina oili yake ya gia peke yake. Boliti za kumwagia nazo ni mbili. Wapo waliomwaga difu wakidhani wamemwaga giaboksi, kisha wakajaza ATF juu ya ATF. Difu inakwenda kavu na giaboksi inafurika. Kinachotoka kwanza ukione kwa macho na ukinuse: oili ya gia ni nzito na inanuka salfa, ATF ni nyepesi na hata ikizeeka huwa na wekundu wa aina fulani. Kumwaga mara moja hutoa chini ya nusu ya ATF yote, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu, ukiendesha gari katikati, pamoja na kulizungusha mara kadhaa kwa umbo la namba nane uwanjani. Pleti zilizokuwa zinanata kwa oili chafu mara nyingine huachia hapo hapo. Zisipoachia, kufungua mkia wa giaboksi kunawezekana bila kushusha giaboksi yote, lakini lazima utoe ekzosi, propela na boriti inayobeba giaboksi. Mwenye stendi imara na siku nzima ataiweza. Mwenye jeki peke yake asiingie chini.

Subaru ya gia za mkono haina fyuzi hiyo. Katikati kuna difu pamoja na kaplingi iliyojaa silikoni, ambayo huzidi kushika kadiri inavyopata joto. Poza gari kabisa, zuia magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, weka gia huru, inua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mikono. Kaplingi nzima itakubali kwenda polepole huku ikikukinza. Iliyoganda haikubali kabisa. Inayozunguka bila ukinzani wowote nayo imekufa, kwa upande wa pili: haitafungana, lakini haitakutoa kwenye tope.

Honda CR-V za mwanzo zina pampu mbili ndani ya difu ya nyuma, na zikikoroma kwenye kona kali, dawa karibu kila mara ni oili. Takribani lita moja ya oili ya Honda iliyotengenezwa kwa ajili ya difu hiyo, zungusha nane chache, na mkoromo unaisha. Ukimwaga humo oili ya gia ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umenunua ugonjwa. X-Trail ya kwanza imerahisisha mambo: ina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK. Kama inasita kwenye AUTO na kuachia kwenye 2WD, unajua pa kuanzia.

Kuna ushauri utakaoupata bila kuuomba: chomoa propela, gari liwe la magurudumu mawili, utaokoa na mafuta. Kwenye CR-V unaweza kuishi nao. Kwenye Subaru ya otomatiki, pale ulipochomoa ndipo ATF itakapomwagikia, usipoziba. Kwenye Subaru ya gia za mkono ni kubaya zaidi, kwa sababu difu ya katikati hupeleka nguvu kule kwenye upinzani mdogo, yaani kwenye tundu lililobaki wazi, na kinachoizuia ni ile kaplingi ya silikoni pekee. Itaungua. Siwezi kuuita huo ukarabati.

Na mambo mawili ya usalama. Usiweke gia wakati gurudumu moja au mawili tu yako juu ya jeki: yaliyobaki chini yatavuta, na gari litaruka kutoka kwenye jeki likiwa na wewe pembeni. Ama yote manne yawe juu ya stendi, ama injini izimwe. Pili, likikuharibikia njiani, dereva wa breki-dauni atataka kuninginiza pua na kuburuta nyuma, kwa kuwa ndivyo anavyozoea kuvuta magari mengine. Mwambie alete lori la kupakia, na kama halipo, magurudumu yote manne yabaki chini, gia iwe huru, avute taratibu na kwa umbali mfupi. Kwa Subaru ya otomatiki ya zamani, umbali mfupi zaidi ya huo, maana injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi nayo imelala.