"Daktari, nitundikie maji"

Jumanne iliyopita, sijamaliza hata kufungua madirisha, aliingia mama mmoja anayeuza dagaa pale Kibirizi. Alikuja kwa miguu yake, kikapu mkononi. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kanula ya tangu jana, ule mrija mdogo wa dripu unaoachwa mshipani, plasta imeshalegea na pembeni imenasa magamba mawili ya samaki.

"Shikamoo daktari. Jana kule nilikoenda walinitundikia mbili. Nimekuja umalizie ya tatu."

Nikamuuliza anaumwa nini. Mwili hauna nguvu, tumbo limeharisha mara tatu tangu juzi. Presha yake ilikuwa nzuri, ulimi umelowa, mkojo amepata asubuhi ileile. Nikampa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji akanywa anayeharisha. Akaigeuza pakiti moja kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. "Hii si ya watoto?" Nikaanza kueleza, akanikatiza kwamba atakwenda kwa wanaojali wagonjwa, akaondoka na kanula yake.

Mimi ni afisa tabibu. Hapa Kigoma wote wananiita daktari na nilishaacha kuwasahihisha. Lakini hili la dripu siwezi kuliacha, kwa sababu nalisikia mara tano kwa siku, na siku za mvua mara kumi.

"Dripu ina nguvu kuliko dawa ya kunywa"

Tuanze na kilichomo ndani ya ile chupa. Dripu ya chumvi, ile inayotundikwa zaidi, ni maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Basi. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita. Chupa tunazotundika kwa kawaida ni za nusu lita, kwa hiyo unapata gramu 25. Soda ya mililita 350 huwa na sukari zaidi ya hiyo. Yule mama wa dagaa alikuwa ameimaliza moja akiwa kwenye foleni, nje ya mlango wangu. Anayetaka nguvu, sahani ya ugali wa muhogo na migebuka inaishinda dripu mara nyingi, tena haina sindano.

"Lakini ile ya njano, daktari?" Ile ya njano ni maji yaleyale yaliyochanganywa vitamini za kundi B. Unjano ni vitamini B2. Ukitoka pale ukaenda chooni utauona unjano wako unatoka, figo zimeshaukataa. Mtu amelipa vitamini, vitamini zimekwenda chooni, na yeye anawaambia majirani amepona.

Kupona kwenyewe hakuna ajabu. Amelala kitandani saa mbili bila kubeba mtoto wala ndoo, amemeza paracetamol, homa imeshuka. Hata mimi ningeamka nimechangamka.

Nadhani najua imani hii ilikoanzia. Wazee wa Ujiji wanakumbuka enzi za kwinini. Malaria ikiwa kali, kwinini ilitundikwa ndani ya dripu ya glukosi, kwa sababu ilitakiwa iingie polepole na ilikuwa na tabia ya kushusha sukari mwilini. Mgonjwa aliyebebwa akiwa hajitambui aliamka masikio yakivuma, juu yake chupa inaning'inia. Watu wakaikumbuka chupa, kwinini wakaisahau. Siku hizi malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesunate. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa artesunate walifariki 8.5 katika kila 100, na kati ya waliopewa kwinini walifariki 10.9. Malaria isiyo kali ni dawa mseto ya kumeza, dozi sita kwa siku tatu, umeze na chakula chenye mafuta kidogo. Mawese yetu yanafaa kabisa.

Sasa njoo kwenye utumbo, maana hapa ndipo watu wanapoidharau pakiti bila kujua wanachokidharau. Kila siku utumbo wako unapokea lita 8 hadi 9 za majimaji. Lita mbili hivi umekunywa mwenyewe, nyingine ni mate, maji ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho. Karibu yote yananyonywa yarudi kwenye damu, na kinachotoka chooni ni kidogo sana. Hakuna dripu niliyowahi kutundika inayofanya kazi ya namna hiyo.

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi sukari inavyopita kwenye ukuta wa utumbo: haipiti peke yake, inapita pamoja na sodiamu, yaani chumvi. Leo tunajua kila chembe moja ya glukosi inapita na mbili za sodiamu. Ni mshikaki kama ule wa bodaboda: mmoja hapandi bila wenzake, na wakishavuka maji yanawafuata. Sumu ya kipindupindu inaulazimisha utumbo kumwaga maji, mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa, lakini huo mlango wa mshikaki haiuharibu. Unabaki wazi. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Glukosi ndani ya ORS haikuwekwa ili mtoto aipende. Ndiyo inayoivusha chumvi.

Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, Bangladesh ya leo, walithibitisha hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971 vita vya huko vikawasukuma wakimbizi hadi Bangaon, India, kipindupindu kikawafuata, na dripu zikamwishia Dk. Dilip Mahalanabis. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo vifo vilikuwa vinafika 30 katika kila wagonjwa 100. Vikashuka hadi chini ya wanne. Na hapa Kigoma hatuna haja ya kwenda India kujifunza. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa ufukweni Kagunga, kipindupindu kikaingia, na kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wamekaribia 3,000. Waliokuwa hoi walitundikiwa, na ilikuwa haki yao. Walioweza kumeza walipewa kikombe, nao walipona palepale, bila mlingoti wa dripu.

Kuna wanaotaka dripu kwa hoja kwamba "hata isiposaidia haidhuru". Inadhuru. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliolazwa na homa kali, damu yao ikiwa haizunguki vizuri. Baadhi walimiminiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa zaidi ya 10 katika kila 100 ya waliomiminiwa, na saba katika kila 100 ya wale wengine. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo asije mtu akasema nimekataza dripu kwa mtoto aliyekauka. Ninachosema ni kwamba maji ya mshipani yana kipimo na yana hatari kama dawa nyingine yoyote.

Nilishawahi kumpokea mzee aliyetundikiwa chupa tatu usiku mmoja, mahali sipataji, kwa sababu "mwili hauna nguvu". Miguu imevimba, ameketi wima, kulala hawezi, kifuani maji yanachemka kama sufuria. Udhaifu wake ulikuwa wa moyo. Moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma alichonacho, wakamwongezea lita moja na nusu.

Wanaohitaji dripu nitawatundikia bila kuombwa: aliyelegea hajitambui, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu hata ukimpa kidogokidogo, mwenye macho yaliyodidimia na mapigo dhaifu. Mtoto, finya ngozi ya tumbo halafu uachie: ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, usimsubiri baba yake atoke ziwani. Pakia bodaboda mje, na njiani uwe unamnywesha.

"ORS nilimpa, haikusaidia"

Nikisikia hivi huwa naomba nionyeshwe ilivyochanganywa. Mama mmoja wa Katubuka alinionyesha kikombe cha plastiki cha chai, pakiti nzima ndani yake. Pakiti ile ni ya lita moja. Ukiichanganya kwenye kikombe umempa mtoto chumvi kali, na maji ya mwilini yanavutwa kuingia utumboni badala ya kutoka utumboni kuingia mwilini. Mwingine anaweka kijiko cha unga kwenye glasi, mwingine anaongeza sukari ili "inoge". Hapana. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu zipo za vipimo tofauti.

Ushauri wangu, na nyumbani kwangu wananicheka kwa hili: chupa tupu ya maji ya dukani ya lita moja isitupwe. Ioshe, iandike ORS kwa kalamu ya wino mzito, itundike jikoni. Hicho ndicho kipimo chako maisha yote. Kilichochanganywa kikifika saa 24, mwaga. Pakiti zikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu, visiwe vya kichuguu.

Anatapika? Subiri dakika kumi, anza tena kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja kina mililita 5. Kila dakika kijiko kimoja, kwa saa ni mililita 300. Kwa saa nne ni 1,200. Mtoto wa kilo 10 aliyepungukiwa maji kiasi anahitaji 750 kwa muda huohuo. Kwa hiyo hata akitapika theluthi, hesabu bado inakaa. Inachosha mkono, najua. Nimeifanya kwa mwanangu usiku kucha, nikisinzia na kijiko.

Na ORS haikuletwa kukausha choo. Inarudisha maji wakati ugonjwa unamaliza safari yake. Mchanganyiko uliobadilishwa mwaka 2002 unapunguza kidogo wingi wa choo na kutapika, ila kinachofupisha siku za kuharisha kwa mtoto ni vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, na 10 kama hajafika miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Siku kumi, mama, hata kama amepona siku ya tatu.

Mengine, kwa ufupi

"Anaota meno." Meno yanaanza kuota umri uleule mtoto anaoanza kutambaa na kutia mdomoni kila anachokiokota, huku kinga aliyotoka nayo kwa mama ikiwa imepungua. Jino halina kosa. Angalia sakafu na mikono.

"Asile, asinyonye, tumbo lipumzike." Hili linaniudhi karibu sawa na dripu. Mtoto anyonye zaidi, ale uji, ale ndizi. Bibi mmoja aliniambia maziwa ya mama "yanaongeza maji kwenye kuharisha". Nikamwambia shikamoo bibi, kisha nikamrudishia binti yake mtoto anyonyeshe mbele yangu.

"Mpe Flagyl." Inafaa kwa amiba na jiadia, vijidudu vya tumboni. Haina la kufanya kwa virusi, na kuharisha kwingi kwa watoto wadogo ni virusi. Chanjo ya rota, mojawapo ya virusi hivyo, ipo kwenye kliniki zetu tangu 2013, bure. Choo chenye damu ni habari nyingine, hicho kilete nikione, na dawa nitachagua mimi.

"Dripu inaongeza damu." Inaongeza maji kwenye damu. Ukipima wingi wa damu kabla na baada ya lita mbili za dripu, namba itashuka.

"Maji ya ziwa letu ni masafi, unaona mpaka chini." Kweli, Tanganyika ni ang'avu, mahali pengine unaona mita nyingi kwenda chini. Bakteria wa kipindupindu haonekani hata kwenye glasi iliyo mkononi mwako. Chemsha hadi yatokote, au weka kidonge cha klorini na usubiri muda ulioandikwa, kwa kawaida nusu saa.

Yule mama wa dagaa alirudi Alhamisi. Tumbo lilikuwa limetulia tangu Jumatano, bila chupa ya tatu. Alikuja kwa sababu mkono umevimba pale kanula ilipokaa, ngozi imewiva, ina joto. Nikaing'oa, nikasafisha, nikampa vidonge. Akaniuliza kama kwa huo mkono hatahitaji kutundikiwa.