Kwa Nini W. E. B. Du Bois Alisema Kuwa Sanaa Yote Ni Propaganda?

Mwaka 1926, mjini Chicago, W. E. B. Du Bois aliuhutubia mkutano wa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, akatamka kwamba sanaa yote ni propaganda na haina budi kuwa hivyo daima. Ilikuwaje msomi huyu, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, aifungamanishe sanaa na siasa kiasi hicho?

Sababu kubwa ni kwamba sanaa ilikwisha kutumiwa dhidi ya watu wake. Mwaka 1915 filamu ya The Birth of a Nation iliwaonyesha Wamarekani weusi kama hayawani na wauaji wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha watu weusi, kama mashujaa. NAACP iliipinga, lakini watazamaji walifurika kumbini, na mwaka huohuo Klan, iliyokuwa imekwisha kusambaratika, ikaundwa upya huko Georgia. Mpiga kura na hakimu hawaamui wakiwa na akili tupu, bali huongozwa na taswira walizokwisha kulishwa, na sheria nzuri haimfai kitu mtu ambaye jirani zake hawamhesabu kuwa binadamu. Du Bois alilitambua hilo mapema, kwani katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 alikuwa amepeleka mamia ya picha za watu weusi wa Georgia, wenye heshima na utulivu wao, pamoja na chati za rangi zilizoeleza maendeleo yao.

Msimamo huo ulitokana pia na mawazo yake kuhusu elimu. Booker T. Washington, kiongozi mweusi aliyeiongoza Tuskegee, shule ya watu weusi huko Alabama, tangu mwaka 1881, aliwahimiza watu weusi waanze na kilimo na ufundi, nazo haki za kisiasa zije baadaye. (Fikra hizo zilifika hadi Kenya, ambako Jeanes School, shule ya kuwaandaa walimu wa vijijini, ilifunguliwa Kabete mwaka 1925.) Du Bois hakuudharau ufundi, alichokataa ni kuufanya kikomo cha elimu ya mtu mweusi, kana kwamba haki na sanaa zingeweza kungoja. Ndiyo maana jarida la The Crisis, alilolianzisha mwaka 1910, liliandika habari za watu waliouawa na magenge ya wazungu na papo hapo likachapisha mashairi, likiwemo la Langston Hughes kuhusu mito, mwaka 1921.

Mwaka 1928 Alain Locke, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Howard, alimjibu kwamba propaganda hudumisha unyonge hata inapoulalamikia, kwa kuwa msanii hubaki akizungumza na anayemdhulumu. Hoja hiyo ni nzito, lakini naona haimtendei Du Bois haki kikamilifu. Katika hotuba ileile ya Chicago alieleza kuwa kilichomuuma ni propaganda kuachiwa upande mmoja huku mwingine umenyamazishwa, na aliwalaumu pia wasomaji weusi ambao, kwa kuchoshwa na kuonyeshwa ubaya wao tu, walitaka wasanii wakane kwamba watu weusi wana kasoro yoyote.