Utaridi: joto silo linalotuzuia

Kila nikitaja makazi ya watu kwenye Utaridi (Mercury), sayari iliyo karibu zaidi na Jua, jibu ni lile lile: "Mwalimu, huko si tutaiva!" Nimelisikia mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Ni kweli, mchana ikweta inafika nyuzi 430 za Selsiasi. Lakini 430 ya kitu gani? Ya udongo. Hewa haipo. Dar mwezi wa Februari ukikimbilia chini ya mwembe bado unatoka jasho, maana hewa yenyewe imeshapata moto na inakufuata kivulini. Utaridi hakuna cha kukufuata. Joto linakufikia kwa mnururisho, yaani miale ya joto, wa Jua au wa mawe yaliyopata moto, na kwa kugusa ardhi. Ukiziba njia hizo, shida yako inageuka kuwa baridi. Ardhi hiyo hiyo usiku inashuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri!

Tena mhimili wa Utaridi karibu haujainama kabisa. Kwenye ncha, Jua linatambaa upeoni tu, na ndani ya kreta, yaani mashimo makubwa, kama Prokofiev kuna sehemu zisizopata mwanga wake kamwe. Mwaka 1991 mawimbi ya rada yaliyotumwa kutoka Dunia yalirudi na nguvu isiyo ya kawaida kutoka huko, dalili ya barafu. Mwaka 2012 vipimo vya nyutroni (chembe ndogo zinazotoka ardhini) vya chombo cha angani cha MESSENGER vikathibitisha kuwa ni barafu ya maji. Juu ukingoni kuna mwanga wa Jua unaozidi wa kwetu zaidi ya mara sita. Maji na umeme, jirani! Mionzi hatari ya angani sitaisemea sana: jichimbie chini, kama ambavyo ingebidi Mwezini.

Kinachoninyima usingizi ni kufika. Chombo kinachokwenda Utaridi kinaanguka kuelekea Jua, kasi ikizidi njia nzima, na hakuna angahewa ya kufungulia parachuti. MESSENGER ilirushwa mwaka 2004, ikapita karibu na Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi kwenyewe mara tatu ili kupunguza mwendo, ndipo mwaka 2011 ikaweza kuanza kuizunguka. Ilikuwa na uzito wa kilo 1,100 hivi, zaidi ya nusu ikiwa mafuta, na wala haikwenda kutua salama. Sasa pakia watu, chakula na mitambo ya kuchimbia.

Mvutano wa huko ni asilimia 38 ya wetu, na hakuna ajuaye mifupa ya mtoto itakuaje. Hata barafu ninayoisifia inanitia shaka. Kwenye baridi ile ni ngumu kama jiwe, sehemu kubwa imefunikwa na tabaka jeusi, na mtambo wowote wa kuichimba utatoa joto. Bila hewa, barafu ikipata joto haiyeyuki kuwa maji. Inageuka mvuke papo hapo na kutoweka. Itabidi ichimbwe ndani ya chumba kilichozibwa, na chumba cha namna hiyo sijaona mchoro wake unaoniridhisha.