"Mbona amekaa wiki sita?"

Jumanne nimelisikia tena swali hilo. Tulikuwa kwenye kikao, jalada la ukatili wa kijinsia la mwanafunzi wa mwaka wa pili liko mezani, na hata ukurasa wa kwanza haujasomwa, mjumbe mmoja akauliza: "Mbona amekaa wiki sita? Angekuwa mkweli angeripoti siku ileile." Wawili watatu wakaitikia. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye dawati la jinsia la chuo, na sentensi hiyo imenichosha kuliko kazi yenyewe.

Saa zina maana, ndiyo. Zina maana hospitalini. Dawa kinga ya VVU inaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ukishaanza unameza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake siku 5. Nguo usifue, weka kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, maana unyevu unaharibu ushahidi. Na usiache muda uishe ukihangaikia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu: anza kwa daktari. Haya nayasema kila wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya na nitaendelea kuyasema.

Ila zile saa 72 ni za virusi. Mtu akizichukua akazifanya kipimo cha ukweli, hapo ndipo tunapogombana.

Binti huyo (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) hakuja kwangu kushtaki. Alikuja kuuliza kama anaweza kusainia bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, sehemu nyingine. Alikuwa amekosa kusaini mara mbili. Anayejua maisha ya chuo anajua hilo si jambo la kawaida: mwanafunzi ataacha kula, ataacha kipindi, lakini kusaini bumu haachi. Nikamuuliza, "Unakula nini sasa?" Akasema anakula kwa rafiki yake. Sikumuuliza zaidi. Siku ya pili akaniambia kwamba meza ya kusainia iko ghorofa moja na ofisi ya mtu fulani. Siku ya tatu akaanza kusimulia, na alianzia kwenye ufunguo. Ufunguo ulikuwa na kamba ya bluu, ukazungushwa mara mbili mlangoni. Jina la mhadhiri lilikuja mwisho kabisa, karibu na saa kumi na moja jioni.

Hivyo ndivyo watu wengi wanavyosimulia. Wanaanzia kwenye kitu walichokuwa wanakitazama, wanarudi nyuma, wanaruka. Wajumbe wanataka kwanza, pili, tatu, kama ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na wasipoipata wanaandika "maelezo yanajichanganya".

Sasa hesabu hizo wiki sita. Koswek, zile alama za kazi za muhula, ilikuwa bado iko mikononi mwa huyohuyo aliyefunga mlango. UE, mtihani wa mwisho, ilikuwa mbele. Angesema kabla ya matokeo, tungesikia kwamba anatafuta mteremko. Akisema baada ya matokeo na amepata supu, yaani mtihani wa marudio, tunasikia kwamba alama zimemkataa, analipiza. Akisema na amefaulu, tunaambiwa basi walikubaliana. Nimekaa kwenye vikao hivi nikasikia yote matatu, mara nyingine kutoka kinywa kimoja. Nionyesheni basi hiyo siku ambayo angesema akaaminiwa.

Mwanasheria mmoja akasema hata Mahakama ya Rufani ya Tanzania inataka mtuhumiwa atajwe mapema. Kweli. Shauri la Marwa Wangiti Mwita linanukuliwa kila siku. Lakini watu wanalinukuu nusu. Mahakama ilizungumzia uchelewaji *usioelezewa*, na ikasema uchelewaji huo uifanye mahakama makini ichunguze. Ichunguze, yaani iulize. Haikusema mtu afukuzwe. Halafu Sheria ya Ushahidi inaruhusu kutia hatiani katika makosa ya kujamiiana kwa ushahidi wa mhanga peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Uchelewaji ni swali. Sisi tunaugeuza jibu, tunafunga jalada, tunakwenda kunywa chai.

Na kwa rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa mwenye mamlaka kwa *kudai* tu. Si lazima binti awe amekubali. Meseji usifute hata kama zinakutia kichefuchefu. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba ni 113, bure.

Kuna mambo yananinyima usingizi. Mwaka wangu wa kwanza mimi mwenyewe nilimuuliza mwanafunzi, "Mbona hukuja mapema?" Niliuliza kwa upole kabisa. Akanyanyuka, akaniambia, "Asante, dada," na sikumwona tena. Siku hizi nauliza, "Kitu gani kimekuleta leo?" Inasaidia, lakini sijui ni wangapi wengine nimewapoteza kwa namna ambazo bado sijazigundua.

Tena, kwa kumtazama mtu kitini sijui kama anasema kweli. Hakuna anayejua. Ndiyo maana tuna uchunguzi. Na daftari langu linazidi kujaa kila mwaka. Wakubwa wanataka kuona idadi ikishuka ndipo waseme dawati linafanya kazi. Mimi nikiona imepanda siwezi kuwaambia kwa uhakika kama ukatili umeongezeka au mlango wangu umeanza kuaminika. Nadhani ni la pili. Nadhani tu.

Bumu amesaini, Ijumaa, kwenye meza tuliyomwekea jengo la maktaba. Kikao kinarudi Alhamisi. Nimetoa nakala 7 za hukumu ile, moja kwa kila mjumbe, na neno "usioelezewa" nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.