"Kuimarisha mfumo wa hifadhi" ni nini hasa, na anayesimamia mradi kama huo anafanya kazi gani

Ukipitia matangazo ya kazi ya mashirika pale Nairobi hutakosa hii: wanatafuta meneja wa mradi wa kuimarisha mfumo wa kitaifa wa hifadhi ya wakimbizi. Waulize watu hiyo ni kazi gani, wengi watakwambia aah, si ni kupeleka mablanketi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hapana. Mablanketi, unga, maji, matundu ya choo, hiyo ni misaada na ina watu wake. Mfumo wa hifadhi ni ile njia yote anayopita mtu aliyekimbia kwao, tangu anavuka mpaka na kusema naomba kulindwa, anasajiliwa, anahojiwa, faili yake inasomwa, mpaka serikali imwambie sawa wewe ni mkimbizi kadi yako hii hapa, au imwambie hapana, na hiyo hapana iwe na sababu zilizoandikwa na mahali pa kukata rufaa, na muda wote huo asirudishwe alikotoka.

Kuimarisha sasa ndio kufanya serikali yenyewe iweze hiyo kazi. Sio UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, kwa niaba yake, yenyewe. Ukishika hiyo utaelewa mbona hii miradi huwa migumu na mbona ripoti zake nyingi zinasomeka vizuri kuliko hali ilivyo.

Tuchukue Kenya manake hapa stori yote iko wazi. Kabla ya 1991 serikali ilikuwa inaamua yenyewe nani mkimbizi, watu walikuwa wachache tu. Halafu Somalia ikaporomoka, wakaja kwa malaki, kambi ya Dadaab ikafunguliwa 1991 na Kakuma 1992 wakati watu wa Sudan nao wanaingia, na serikali ikaona hii ni kubwa ikarudi nyuma, UNHCR wakachukua kila kitu, usajili, intavyu, uamuzi. Ndio maana mpaka leo utasikia mtu wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi, anasema "nangoja mandate", anamaanisha ile barua ya UN, hata kama saa hii anayeamua kisheria ni serikali. Kizazi kizima kilikua kikijua mwenye uamuzi ni UN.

Sheria ya kwanza ya wakimbizi ilikuja 2006, ikaunda idara, na kuanzia 2014 hivi ndio kazi ya kuhoji na kuamua ikaanza kuhamishwa polepole kutoka UNHCR kwenda kwa hiyo idara, maafisa wa pande zote wanakaa pamoja wanajifunza. Safi kabisa. Alafu Mei 2016 wizara ikatangaza kwamba idara imevunjwa na kambi zitafungwa. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa mradi asubuhi hiyo: umefunza maafisa, umenunua mashine, una mkataba na mfadhili unaosema utaimarisha ofisi fulani, na hiyo ofisi kwenye karatasi haipo. Ikaja sekretarieti badala yake, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema ule uamuzi wa kufunga Dadaab na kuvunja idara ulikuwa kinyume cha katiba. Sheria mpya ikatiwa saini Novemba 2021, ikaanza kufanya kazi Februari 2022, na ndio ilileta hii Idara ya Huduma kwa Wakimbizi tunayoijua sasa. Nimeirefusha hii makusudi kwa sababu kwenye karatasi za mradi huwa kuna kile kisehemu kinaitwa "hatari", watu wanaandika hapo mvua na bei ya mafuta, na hatari yenyewe kubwa ni siasa ya usalama. Kukitokea shambulio moja la kigaidi mradi wako wa miaka mitatu unaweza kupinduka kwa barua moja.

Sasa kazi yenyewe. Watu wakisikia kuimarisha wanawaza mafunzo. Warsha Naivasha, posho, picha ya pamoja, cheti. Mafunzo yanahitajika sikatai, lakini hapo ndio pesa nyingi hupotelea, kwa sababu mfumo ni mnyororo na ukikaza pete moja tu uzito unahamia nyingine. Tuseme umeajiri wahojaji wengi, intavyu zikaongezeka maradufu. Vizuri. Faili zinatoka kwa wahojaji zinaenda kwa anayezipitia kabla hazijafika kwa kamishna wa wakimbizi, na kwenye hiyo meza ya kupitia kuna watu wawili, kwa hivyo mrundikano haujaisha umehama tu meza. Ukiongeza wapitiaji unahamia kwenye kadi, na kadi hazichapwi na idara ya wakimbizi, zinachapwa na ofisi ya usajili wa watu ambayo ina bosi mwingine na bajeti nyingine na haijawahi kusaini chochote kwenye mradi wako. Ni kama kupanua Thika Road kipande cha katikati peke yake. Kwa hivyo meneja anayejua kazi haanzi na mafunzo, anaanza kwa kufuata faili moja kwa miguu, mlango hadi mlango, anaandika imekaa wapi siku ngapi na kwa nini, na mara nyingi atakuta tatizo sio ujuzi, ni kwamba faili imengoja sahihi ya mtu aliye safarini, au hakuna mkalimani wa Kioromo wiki hiyo, au gari la kuleta waombaji halina mafuta.

Na kuna kitu kimoja ambacho kinaweza kupunguza mrundikano kuliko warsha zote ukizijumlisha, nacho ni tangazo la gazeti la serikali. Sheria inaruhusu watu wa kundi fulani watambuliwe kwa pamoja bila kila mmoja kuhojiwa akieleza maisha yake saa tatu, kwa sababu hali ya walikotoka inajulikana na kila mtu. Watu wa Sudan Kusini walipewa hiyo 2014 baada ya vita vya Desemba 2013. Wasomali wa kusini na kati walikuwa nayo, ikaondolewa Aprili 2016, na kuanzia hapo kila Msomali mpya ikabidi awe na faili yake na intavyu yake. Hesabu mwenyewe hiyo ni kazi kiasi gani imeongezeka kwa karatasi moja. Kwa hivyo meneja akikaa na wafadhili wanazungumzia tu idadi ya kompyuta bila kugusa huo mjadala, anazunguka tu pembeni ya tatizo.

Intavyu nayo wacha niiseme kidogo kwa sababu hapo ndipo haki ya mtu inapatikana au inapotea. Kuhoji mwomba hifadhi sio kuhoji mshukiwa. Afisa hakai pale kumnasa mtu kwa kuwa jana alisema Jumanne na leo amesema Jumatano, mtu aliyeona ndugu zake wakichinjwa hakumbuki tarehe kama karani. Kazi yake ni kupata stori yote, kuiweka kando ya habari za nchi ile, na kuuliza je akirudi atakuwa hatarini. Kwa Afrika hata tafsiri ya mkimbizi ni pana zaidi, ule mkataba wa 1969 wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa zamani, unamchukua pia anayekimbia vurugu kubwa za jumla, sio lazima awe anasakwa yeye kwa jina. Lakini hii idara iko chini ya wizara ya usalama wa ndani, ile ile ambayo Aprili 2014 askari wake walizoa maelfu ya watu Eastleigh na kuwaweka uwanja wa michezo wa Kasarani kwenye operesheni ya Usalama Watch. Ukimtoa afisa kwenye hayo mazingira ukamwambia kuanzia Jumatatu sikiliza kwa utulivu, atakuelewa, ila mazoea hayavuliwi kwa warsha ya siku tano. Kinachosaidia ni mtu mwenye uzoefu kukaa naye chumbani miezi kadhaa, na kusoma sampuli ya maamuzi kila mwezi kuona kama watu wawili wenye stori inayofanana wamepata majibu tofauti kisa wameangukia maafisa tofauti.

Lugha je? Hapa sisi Waswahili tunajidanganya sana. Mkongo wa Uvira au Fizi anaingia, afisa ni wa Nairobi, wote wanasema Kiswahili, basi mkalimani wa nini? Wanaongea saa mbili kila mmoja anaitikia, na ukisoma maandishi baadaye unakuta afisa ameandika alichodhani amesikia, majina ya vijiji yamepinda, nani alimfanyia nani haijulikani. Kosa kama hilo linakuja kuonekana kwenye rufaa, miaka baadaye, na limeandikwa kwa jina la mwombaji kwamba yeye ndiye anajipinga.

Kisha data. Uganda 2018 kulikuwa na kashfa ya idadi ya wakimbizi, ikabidi kila mtu ahakikiwe upya kwa alama za vidole na macho, na kutoka kama milioni 1.4 waliokuwa vitabuni wakabaki kama milioni 1.1. Kwetu tatizo liligeuka upande wa pili: raia wa Kenya huko Garissa na Wajir, familia za wafugaji zilizopigwa na ukame, walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi wapate chakula na matibabu, wengine wakiwa watoto wameandikishwa na wazazi, wakafika miaka 18 wakienda kuomba kitambulisho mashine inasema wewe ni mkimbizi. Maelfu wamekaa hivyo miaka, hawawezi kuajiriwa wala kusajili laini ya simu. Ukiambiwa sehemu ya mradi ni "kuunganisha mifumo ya data" isikike kwako kama kitu kinachoweza kufungia mtu uraia wake, na uulize mapema: mtu akikuta ameandikwa vibaya anaenda dirisha gani, nani ana mamlaka ya kumfuta, na inachukua muda gani. Kama jibu halipo usiwashe huo mtambo.

Halafu kuna mambo ya kila siku ambayo hakuna anayekufundisha. Meneja wa mradi hana amri juu ya kamishna. Hana amri juu ya mtu yeyote serikalini kusema kweli, ana bajeti na ana uvumilivu. Anaandika barua, anafuatilia barua, anakunywa chai na mkuu wa kitengo, anajua mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni na wa mfadhili unaweza kuisha Desemba na hapo katikati kuna miezi hakuna anayeweza kulipa. Afisa wake bora aliyefunzwa miaka miwili anapata uhamisho kwenda idara nyingine kabisa. Hiyo sio njama, serikali huhamisha watu, kwa hivyo mafunzo yawekwe kwenye chuo cha serikali au kwenye mwongozo ulioandikwa, yasikae kichwani mwa watu kumi.

Kwenye vipimo mimi naona wengi wanapima kinachohesabika haraka, waliofunzwa wangapi, vifaa vingapi. Vipimo vinavyouma ni vingine: faili kongwe kuliko zote ina umri gani leo? Ni asilimia ngapi ya maamuzi yanapinduliwa kwenye rufaa, na je hiyo kamati ya rufaa ina wanachama walioteuliwa na inakaa au ni jina tu kwenye sheria? Mtu aliyekataliwa alipewa sababu kwa lugha anayoijua? Aliyefika Nairobi badala ya kambini anajua kwamba sheria inampa siku 30 kujitokeza, na anajua ajitokeze wapi? Hivi vinaaibisha, ndio maana mara nyingi havipo kwenye jedwali.

Na kuna kipimo cha mishahara, hiki ndicho kikubwa kwangu. Miaka yote hii sehemu nzuri ya watu wanaosajili na kuhoji wamelipwa kwa pesa zilizopitia UNHCR, kwa mikataba ya muda. Kenya sasa ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki nane, na Machi 2025 rais akazindua mpango wa serikali unaoitwa Shirika wa kugeuza Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya pamoja na wenyeji. Mwaka huo huo Marekani ikafunga mifereji mingi ya misaada, na Juni UNHCR ikatangaza inaondoa nafasi za kazi kama 3,500 duniani kote. Kwa mradi wa hifadhi hii inakuja kama swali la kawaida sana la utumishi: yule kijana anayehoji watu Kakuma, mkataba wake ukiisha mwezi ujao, kuna nafasi kwenye tume ya utumishi wa umma yenye jina la kazi anayoifanya, na kuna mstari kwenye bajeti ya wizara wa kumlipa? Meneja aliyeanza kusukuma hilo mwaka wa kwanza wa mradi anaweza kuwa amepata nafasi chache kufikia mwaka wa tatu, kwa sababu kuunda nafasi serikalini kunachukua hivyo. Aliyeliacha liwe sura ya mwisho ya ripoti, pale panapoitwa "uendelevu", amechelewa, na zile faili zitarudi UNHCR ambayo nayo imeshapunguza watu waliokuwa wakizishughulikia.