Je, wajua kwa nini kompyuta kuukuu hufufuka ikiwekewa Linux nyepesi?

Kwenye steshenari moja Sinza kuna laptop ya RAM GB 1 ambayo mwenye duka alishaigeuza kibao cha kuwekea karatasi. Ukiiwasha, taa ya diski haipumziki, ndani kunakereza krr krr, na ukibofya kitu unaweza kwenda kununua muhogo wa kukaanga ukarudi bado inawaza. Yeye anasema imezeeka. Mimi nikamwambia haijazeeka, imebanwa.

Mwangalie machinga wa Kariakoo mwenye meza ndogo. Kilichopo mezani anakupa papo hapo. Kilichopo stoo, mpaka apande ghorofani. RAM ndiyo meza, diski ndiyo stoo. Meza ikijaa, mfumo hupeleka baadhi ya vitu stoo kupisha vingine, kisha huvifuata tena vinapohitajika. RAM hujibu ndani ya nanosekunde 100 hivi, wakati diski ya kuzunguka hutumia milisekunde 10 hivi. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja! Prosesa muda wote huo imekaa inasubiri. Ile krr krr ni machinga anapanda na kushuka ngazi.

Windows 10 ya biti 64 inadai angalau GB 2, Windows 11 inadai GB 4. Kwenye GB 1, meza imejaa kabla hujafungua chochote.

Linux je? Huu nao ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows. Kiini chake, alichokianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hutumika katika matoleo yote, mazito kwa mepesi. Kinachotofautiana ni mzigo unaopandishwa juu yake. Ubuntu ya kawaida, mojawapo ya matoleo hayo, nayo hupendekeza GB 4 au zaidi, kwa hiyo anayekwambia "weka Linux" bila kusema ipi hajakusaidia kitu. Toleo jepesi liitwalo antiX hutumia programu ndogo ya IceWM kusimamia madirisha, bila vivuli wala madoido. Puppy Linux huweza kujipakia yote ndani ya RAM ikitokea kwenye flashi, ndiyo maana unaweza kuijaribu hata kwenye mashine ambayo diski yake imekufa.

Kuna na ujanja uitwao zram, ambao mimi naupenda kuliko yote: data hubanwa na kubaki humo humo kwenye RAM. Ni kama machinga kukunja nguo vizuri zienee chini ya meza. Prosesa inatoka jasho kidogo, ila ngazi hazipandwi ovyo.

Tuliweka antiX. Ilipowaka nikaandika free -m, amri ya kuonyesha RAM iliyotumika, ikaonyesha imetumia MB 180 na ushei. Taa ya diski ikazima. Mwenye duka akainama kuitazama, akidhani imeharibika.

Kabla hujapakua, angalia prosesa yako. Za zamani sana ni za biti 32, na mifumo mingi imeshaziacha. Debian 13 ya mwaka 2025, toleo jingine la Linux, haisakinishwi tena kwenye prosesa hizo. antiX 23 bado ina toleo la biti 32.

Kinachobaki kusumbua ni kivinjari, maana ukurasa mmoja mzito wa intaneti hula mamia ya MB, na hapo Linux haina dawa. Laptop ile sasa inachapa barua na CV siku nzima. Wanaokuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo mtandaoni wanaelekezwa kwenye kompyuta ya pili.